Nilivyokwenda Shituru Kumuulizia Mpangaji

Miaka ile kiwanda cha shaba kilipoacha kulipa mishahara, nilipangisha chumba cha uani kwangu, hapa Likasi. Kijana mmoja, Ilunga, akaja kukitaka. Mimi najifanya mtu makini: simpokei mtu kabla sijaulizia tabia yake kule anakohama. Nikavaa koti la Krismasi, nikaenda mtaa wa Shituru kwa Mama Kapinga, mwenye nyumba wake.

Nyumba aliyonielekeza Ilunga niliijua. Ndimo nilimozaliwa, wakati baba anafanya kazi kiwandani. Nikamwona tena akilini akisukuma baiskeli yake, king'ora kimeshalia, samaki wa ziwa la Tshangalele wakinukia mpaka barabarani. Miguu ikanipeleka yenyewe. Nikazunguka nyuma kama zamani, nikasukuma mlango wa jikoni bila hodi, nikachota maji kwenye ndoo, palepale ilipokuwa ndoo ya mama, nikanywa kikombe kizima nimefumba macho.

Nilipofumbua, mama mmoja alikuwa amesimama na mwiko wa bukari, ugali wetu, mkononi.

"Papa, weye ni nani?"

"Miye nilikuya kuuliza," nikasema, maji yakinidondoka kidevuni, "kama Ilunga iko na adabu."

Ilunga akatokea chumbani, taulo shingoni. "Mama, njo huyu mwenye nyumba mupya."

Mama Kapinga akakitazama kikombe chake mkononi mwangu, kisha akamgeukia kijana.

"Na huyu, mwanangu, weye ulimuulizia kwa nani?"