Mwambie Mwenyewe, Yuko Hapo

Kuna asubuhi moja naikumbuka vizuri, mwanangu Wafula, ingawa siku hizi hata miwani naitafuta nikiwa nimeivaa. Kwa kuwa leo ni Jumamosi na umetoka kazini mapema, keti nikuhadithie kabla sijakujibu lile uliloniomba jana. Uliniomba nimwambie mkeo Nyambura kwamba mwisho wa mwezi unahamia Kware, kwamba umeshapata chumba huko, na watoto utakuwa ukija kuwaona Jumapili. Ulisema hivyo ukifunga kamba za viatu, kisha ukaenda zako. Usiku kucha sikupata usingizi wa maana.

Tangu Pasaka nyinyi wawili hamsemezani. Mnapakua chakula kutoka sufuria moja na mnapishana kwenye korido, lakini kila neno linapitia kwangu. Mama, mwambie gesi imeisha. Mama, muulize kama maji yamelipwa. Magoti yananiuma, mwanangu, na nimechoka. Si uchovu wa kazi, maana kazi naijua. Ni uchovu wa kubeba maneno ya watu wawili ambao midomo wanayo. Uchovu huu haukuanzia kwenu. Niliujua nikiwa msichana.

Ulikuwa hujazaliwa. Nilikuwa nimetoka Bungoma, nikapata kazi ya kukata waridi katika shamba moja la maua huku nyuma ya Kitengela, enzi zile pundamilia bado wakija hadi kwenye seng'enge. Msimamizi wetu sisi wakataji alikuwa mwanamke wa Murang'a, jina lake Wairimu. Msimamizi wa wapiga dawa alikuwa Saningo, Mmaasai wa Mashuuru, mtu mpole asiyeanza kazi kabla ya kumsalimu kila mtu. Wote wawili waliijua kazi yao. Siku moja Saningo akamwambia meneja, mbele ya watu, kwamba wakataji wa Wairimu wanachelewa kutoka ndani ya grinhausi, zile nyumba za plastiki za kukuzia maua, na kumchelewesha yeye kupiga dawa. Wairimu aliona ameaibishwa. Angemwita kando wakayamaliza, lakini alinyamaza, na Saningo alipoona amenuniwa, naye akanuna.

Basi wa kutumwa nikawa mimi, kwa kuwa miguu yangu ilikuwa myepesi na sikuwa na ugomvi na yeyote. Mwambie leo napiga dawa grinhausi ya katikati. Mwambie nimesikia. Mwanzoni nilijiona mtu muhimu, lakini haikuchukua muda nikachoka, kwa sababu neno lililotoka huku na hasira lilifika kule na hasira zaidi, hata nililainishe vipi. Na wakataji nao wakapoa. Zamani Wairimu alikuwa akipita kwenye mistari akikusifu ukikata vizuri, na Saningo alikuwa akitutania kwamba mvivu atapelekwa Mashuuru akachunge punda. Sasa kila mtu alikata kimya akingojea saa ya kutoka.

Asubuhi ile ninayokwambia, niliamka na homa nikabaki nyumbani. Saningo alikuwa amepiga dawa alfajiri katika grinhausi ya mwisho, dawa kali ya wadudu, ambayo ikishapigwa mtu hatakiwi kuingia hadi kesho yake. Aliweka bendera nyekundu mlangoni, kama ilivyo desturi ya mashamba ya maua. Upepo wa huku unaujua. Uliing'oa bendera ukaenda nayo. Saningo alipishana na Wairimu getini wakatazamana, na hakusema kitu kwa sababu wa kutumwa hakuwepo. Wairimu naye alitaka kujua ni wapi palipopigwa dawa, lakini hakutaka kuwa wa kwanza kufungua mdomo. Akaona mlango hauna bendera, akawaingiza watu wake.

Mueni alikuwa mmoja wao. Tulikuwa tukiishi naye chumba kimoja, mumewe akiwa kazini mbali, na alikuwa mja mzito. Wenzake walitoka mbio wakikohoa, macho yakiwawasha, lakini yeye alianguka kati ya mistari. Alikimbizwa hospitali Kajiado. Yeye alipona, Mungu ashukuriwe. Mimba ilitoka.

Homa iliposhuka nilikwenda kumwona. Mama yake alikuwa ameshafika kutoka Machakos, amekaa kando ya kitanda, hana hata machozi. Saningo na Wairimu nao wakaja, kila mmoja kivyake, wakakutana mlangoni ikabidi waingie pamoja. Waliketi kwenye benchi moja, nami nimesimama mbele yao. Saningo alimpa Mueni pole, akampa mama yake pole, kisha akanigeukia mimi.

"Mwambie Wairimu mimi niliweka bendera," alisema. "Ni upepo iliitoa."

Wairimu naye akanigeukia. "Mwambie bendera si mdomo. Mdomo alikuwa nayo pale getini."

Niliona aibu ambayo mpaka leo siwezi kuieleza. Mama yake Mueni aliwatazama wote wawili. Hakupaza sauti.

"Mtoto wangu amepoteza mtoto," alisema, "na nyinyi mmekaa benchi moja, bado mnatafuta mtu wa kuwasemea? Mwambie mwenyewe. Yuko hapo."

Mueni alikuwa ameelekea ukutani. Mwishowe Saningo akasema, "Wairimu, sopa," ile salamu ya Kimaasai aliyokuwa amemnyima miezi yote ile. Wairimu akajibu, "Epa," akaanza kulia, na hapo ndipo walipoongea. Walisemezana maneno machungu, mengine ningependa nisingeyasikia. Lakini waliambiana wao kwa wao.

Tangu hapo, kila asubuhi Saningo alikuja mwenyewe kwenye banda letu, akatusalimu, akataja ni wapi amepiga dawa, akangoja hadi Wairimu arudie alichosikia. Polepole watu wakaanza tena kucheka kazini. Mueni hakurudi. Alikwenda kwao, na nilipomtembelea hakutaka tuyazungumze. Hilo ndilo linalonichosha zaidi nikilikumbuka, kwamba kupatana kwao kulikuwa kuzuri, ila kulichelewa.

Sasa nije kwako. Unasimamia vijana kule ghalani na unalalamika kwamba hawana moyo wa kazi. Lakini nakuona jioni, umeketi kwenye kochi hilo, ukiwagombeza kwenye grupu ya simu watu ulioshinda nao mchana kutwa. Kijana akikosea, mwite kando umwambie. Akifanya vizuri, msifu wenzake wakisikia. Kosa la mtu usilifikishe kwa mkubwa kabla mwenyewe hajalisikia kutoka kwako. Ukiumia, sema umeumia wakati jambo bado ni dogo. Na ukitaka kujua mwenzako anawaza nini, muulize yeye, halafu unyamaze hadi amalize, hata kama unayosikia huyapendi.

Nyambura sijamwambia kitu, na sitamwambia. Asubuhi aliingia jikoni akaniuliza mbona wewe siku hizi huimalizi chai yako, kama unaumwa. Nikamwambia akuulize wewe. Alisimama pale ameshika mlango, macho yamemjaa, na nilitaka kumkumbatia nikaogopa nitayasema.

Jioni hii nitawachukua watoto twende kwa dada yako Isinya, tulale huko. Mtabaki wawili. Kama ni kuhama, mwambie mwenyewe ukimtazama usoni, naye akwambie yaliyo moyoni mwake. Sikuamulii, wewe ni mtu mzima. Ila huyo mwanamke bado anaangalia kikombe chako, na wewe hujui.

Mungu akulegezee ulimi, mwanangu, akufungue na masikio. Awape nyinyi wawili usiku wa kusikilizana, na nguvu za kuyabeba mtakayosikia. Kesho nikirudi, msinisimulie mlisema nini.