Aproni Juu ya Mnara

Hapa kwetu, kwenye milima ya Soria, mgeni anayetaka kupanda mnara wa kale wa walinzi humwendea mama mwenye ufunguo. Hutoka jikoni mikono ikinuka kitunguu saumu, ufunguo wa chuma ukining'inia kiunoni, akamtangulia mpaka mlangoni. Magoti yamemkataa siku nyingi, hapandi tena. Hufungua, huvua aproni yake nyeupe na kumkabidhi mgeni: "Usiniibie mawe, nayajua yote. Ukifika juu, mpungie kaka yangu kwenye mlima ule." Mlima ule una mnara wake, na ufunguo wake anao kaka yake, Saturio, ambaye akiiona aproni hupunga shuka kutoka mlangoni kwake. Mgeni akishuka, mama huuliza lile lile: "Kajibu?" Akiambiwa kajibu, hucheka puani. "Yule mvivu bado yupo."

Jumapili iliyopita nilikuwa nimekaa pale chini ya mnara. Binti mmoja mgeni alishuka akihema. "Hajajibu, mama. Nimepunga mpaka mkono umechoka."

Mara kengele ya kanisa la ng'ambo ya bonde, kule kwa kaka yake, ikaanza kulia, taratibu, vile inavyolia kwa msiba tu. Mama aliisikiliza, uso ameuelekeza kule, mpaka ikakoma. Akaichukua aproni, akaikunja, akaikunjua tena, akamrudishia yule binti.

"Panda tena, mwanangu," alisema. "Safari hii usingoje jibu."