Sanda ya Mtoto wa Kanisani

Masouda alihamia Matrah, Uarabuni, kutoka Unguja mwaka 1964, akaendelea na kazi yake ya ushoni. Jirani yake Filomena, muuguzi wa Kigoa, naye alitokea Unguja, kwa hiyo walizungumza Kiswahili.

Krismasi moja Filomena alimwomba amshonee kanzu ya mtoto mchanga. "Ya mtoto wetu wa kanisani," alisema kwa furaha. Masouda akadhani kanisani wanalea yatima.

Miezi michache baadaye, kabla joto halijaanza, Filomena alirudi na bafta nyeupe. "Nikatie sanda, dada. Ya Ijumaa."

"Nani kafa?"

"Yule yule mtoto uliyemshonea."

Masouda alichukua mkasi. Alikata, ingawa vipimo alivyopewa vilikuwa vya mtu mzima.

Jumapili alivaa buibui akaenda kuhani. Alimkuta Filomena amevaa gauni jipya, anaimba na kupanga keki kwenye sahani.

"Nnakuja kukupa pole, mwenzangu. Wewe waimba?"

Filomena akamkalisha, akamweleza kwamba mtoto ni Yesu. Kanzu ilikuwa ya mwanasesere wa Krismasi, na sanda ilikuwa ya mtu mzima aliyemwigiza Yesu kwenye mchezo wa Pasaka. "Alizaliwa ili afe kwa ajili yetu, kisha leo kafufuka. Bila ya leo, Krismasi yetu ingekuwa bure."

"Sisi twasema Nabii Isa hakufa," Masouda alisema taratibu. "Nyinyi mwafurahia kuzaliwa kwake, na mwajua atauawa?"

"Ndiyo."



"Basi pole," Masouda alisema. "Na hongera."