Tarehe Niliyorithi

Harufu ya vumbi linaloungua ndiyo hunirudisha. Si moshi wala si moto. Ni ile harufu kavu inayotoka nyuma ya kompyuta ya zamani inapowashwa baada ya kulala siku mbili, kama nywele zilizosogea karibu mno na jiko. Nilikutana nayo mara ya kwanza likizo ya Agosti, mwaka wa tisini na tisa, katika chuo kidogo cha kompyuta, chumba cha ghorofa ya juu pale madukani Buruburu. Chini yetu kulikuwa na kinyozi, na mlangoni pa kinyozi mama mmoja alikaanga viazi tangu asubuhi, hivi kwamba mpaka leo vumbi moto na mafuta ya viazi ni kitu kimoja puani mwangu. Madirisha yalifunikwa kwa mapazia mazito ya buluu kwa sababu mwenye chuo aliamini jua lingeua mashine. Ndani mlikuwa na giza la mchana, na katika giza hilo vishale vya kijani vilikuwa vikiwaka na kuzima kwenye skrini, vikingoja mtu avijibu.

Sisi tulikaa Jericho, ng'ambo ya barabara, katika zile nyumba za zamani za baraza la jiji la Nairobi. Baba alifanya kazi katika kiwanda cha rangi Industrial Area, na huko aliambiwa kwamba mtoto asiyejua kompyuta atakuwa kipofu katika karne inayokuja. Kwa hiyo mimi na kaka yangu Kariuki tukaandikishwa masomo ya likizo. Ulikuwa mwaka wa hofu. Redio ilisema kompyuta za dunia nzima zitakosea ifikapo elfu mbili, kwa kuwa zilifundishwa kuandika mwaka kwa tarakimu mbili tu, na zikiona sifuri mbili zitadhani ni elfu moja mia tisa. Kanisani tuliombewa. Mimi, niliyekuwa mtoto wa kuwaza hata kabla ya kuwa mtu mzima wa kuwaza, nilijiuliza jambo moja: mashine ikiamini kwamba ni elfu moja mia tisa, sisi ambao hatujazaliwa itatuweka wapi?

Mwalimu wetu aliitwa Wafula, kijana mrefu kutoka Bungoma aliyepiga mluzi akifikiri na kuacha kabisa akielewa. Alitufundisha lugha ya kompyuta iitwayo BASIC, amri moja baada ya nyingine. Somo la kwanza lililonitisha lilikuwa la kumbukumbu ya mashine. Alisema ukiipa mashine kisanduku na kukiita jina, chochote utakachotia humo kitakaa humo. Ukirudi kuuliza bila kutia kitu kipya, itakupa kile cha zamani bila kukuonya. "Mashine haisahau yenyewe," alisema. "Lazima uiambie isahau." Niliyaandika maneno hayo, kisha nikatazama zile skrini na kuona kama nazo zinanitazama.

Wiki ya pili tukaanza tarehe. Zoezi lilikuwa la kutafuta tofauti ya umri kati ya watu wawili, na kwa kuwa mimi na Kariuki tulitumia mashine moja, tulitumia tarehe zetu wenyewe. Kariuki ni wa tarehe kumi na mbili Septemba, themanini na saba. Mimi nilikuwa wa tarehe tatu Februari, themanini na nane. Nyumbani umri ulihesabiwa kwa miaka, basi. Yeye wa themanini na saba, mimi wa themanini na nane, tumefuatana, hadithi imekwisha. Tuliiambia mashine itoe siku kwa siku, mwezi kwa mwezi, mwaka kwa mwaka, kama tulivyofundishwa kutoa shuleni. Ikatujibu: mwaka mmoja, miezi hasi saba, siku hasi tisa.

Wafula aliposoma alicheka. "Nani hapa ameishi miezi hasi?" Akatueleza kosa letu. Miezi hailingani kwa urefu, alisema, kwa hiyo huwezi kuitoa kama mihogo. Chagua siku moja ya mwanzo, ya zamani kuliko siku zote utakazozihitaji. Pima kila tarehe iko umbali wa siku ngapi kutoka pale. Ukishapata namba mbili za siku, ndipo utoe moja kwenye nyingine. Tulifanya hivyo asubuhi nzima, tukiiorodheshea mashine urefu wa kila mwezi, na harufu ya viazi ikatutesa mpaka tukamaliza. Kariuki akabonyeza. Skrini ikawa nyeusi kidogo, halafu ikaandika 144.

Wafula alikuwa akipiga mluzi nyuma yetu. Mluzi ukakatika.

"Mmekosea tarehe," alisema.

"Hatujakosea, mwalimu," nikasema. "Ndizo za shuleni."

Akaipitia programu yetu mstari kwa mstari, akahesabu kwa vidole kutoka Septemba hadi Februari, na kila alipofika mwisho alifika palepale. Alikwenda kwa wanafunzi wengine kabla ya wakati wake. Kariuki, aliyekuwa darasa la sita na aliyekwisha kusoma sura ya uzazi katika sayansi, ndiye aliyenieleza tulipokuwa tukivuka barabara kurudi nyumbani.

"Mtoto hukaa tumboni miezi tisa," alisema. "Sisi tumeachana mitano. Unajua maana yake?"

"Maana yake nini?"

"Uliokotwa, manze. Mathe alienda Dandora kutafuta vyuma, akakupata kwa karatasi."

Kila mtoto wa mitaa yetu ya Eastlands ameambiwa na ndugu yake kwamba aliokotwa kwenye jaa la taka la Dandora. Ni matusi ya kawaida, unajibu na lako na maisha yanaendelea. Lakini hakuna mwingine niliyemjua aliyeambiwa hivyo na ushahidi ukiwa umetolewa na mashine. Kariuki mwenyewe alipoona silii wala sirushi jiwe, tulipofika langoni aliuchukua mkoba wangu akanibebea. Hilo lilinitisha zaidi.

Tangu siku hiyo nyumba yetu ikawa na upande wa pili ambao sikuwa nimeuona. Nilianza kumtazama mama kama mtu anayetazama mlango uliofungwa kwa ndani. Nikakumbuka kwamba tarehe tatu Februari hakuwahi kufanya sherehe. Alininunulia maziwa, akakaa mbele yangu nikiyanywa, na chai yake ikapoa mezani. Nikakumbuka kwamba nikilala kwenye kochi alasiri, nilikuwa nikiamka na kukuta kiganja chake kimetulia kifuani pangu, naye hanitazami, anatazama ukuta kama anayesikiliza habari redioni. Kariuki alilala kochi hilohilo na hakuwekewa mkono. Nikakumbuka pia kwamba mama hakuwahi kutuhesabu. Jirani mpya akimuuliza ana watoto wangapi, alijibu, "Wapo." Kwao Murang'a watoto hawahesabiwi, alisema, huko ni kumwonyesha adui njia.

Na kulikuwa na jambo la jina. Jericho nzima ilimwita Mama Kariuki, kwa kuwa mama huitwa kwa kifungua mimba wake. Lakini wanawake wawili watatu aliojuana nao zamani walipokaa mtaa wa Kaloleni, wakimkuta sokoni, walimwita Mama Nyambura. Nyambura ni mimi. Nilikuwa nikivimba kichwa nikisikia hivyo, nikidhani wananipenda kuliko Kariuki. Sasa nilijiuliza kwa nini watu walioacha kukaa naye kabla sijazaliwa wamwite kwa jina langu. Niliposimama mbele ya kioo kidogo cha baba cha kunyolea, nilikuwa na hakika kwamba nikigeuka haraka nitamkuta mtu.

Nilivumilia mpaka Jumamosi. Mama alikuwa akinisuka mlangoni, mimi nimekaa chini katikati ya magoti yake, jua la saa nne limetupiga miguuni. Nilichagua wakati huo kwa sababu asingeniona uso.

"Mama, kati yangu na Kariuki kuna siku mia moja arobaini na nne."

Vidole vikasimama. "Nani amekuambia?"

"Kompyuta."

Alibaki ameshika msuko nusu. Mtu alipita akamsalimu, naye hakumjibu, jambo ambalo sikuwahi kuliona.

"Niliokotwa?" nikauliza.

"Nani ameokotwa? Nilikuzaa kwa uchungu mpaka nikamuuma mkunga mkono." Akaanza kusuka tena, polepole. "Haijakosea, hiyo kompyuta yenu. Tarehe si yako. Ni ya Nyambura."

Akanieleza akiwa nyuma yangu, kama sauti isiyo na mtu. Kabla ya Kariuki kulikuwa na msichana. Alizaliwa tarehe tatu Februari wakiwa Kaloleni, akapewa jina la mama yake baba, kama inavyostahili msichana wa kwanza. Mama alikuwa mzazi mpya, mwenye furaha. Alizihesabu siku zake kwa sauti, akawatangazia majirani leo ana kadhaa, leo ana kadhaa. Kifua kikambana mtoto wakati wa baridi, akaenda. Jina la nyanya haliwezi kuachwa wazi, kwa hiyo nilipokuja mimi, baada ya Kariuki, nikapewa.

"Sasa mimi nilizaliwa lini?"

"Mvua ya mwisho wa mwaka ilikuwa imeanza," alisema. "Siku sikuiangalia. Kulikuwa na kalenda ukutani kwa yule mkunga, nikamwambia aigeuze. Yule wa kwanza nilimhesabu. Wewe sikutaka uhesabiwe na mtu. Ulipopelekwa nasari, mwalimu akaniuliza tarehe ya Nyambura, mdomo ukatoa ile uliyoijua; mwaka tu ndio wako."

Nilipaswa kufurahi. Nilikuwa nimezaliwa, nilikuwa wake. Badala yake nilikumbuka kwamba asubuhi ile ya zoezi, tulipoijaribu programu kwanza kabla ya kunilinganisha na Kariuki, nilikuwa nimeiuliza mashine Nyambura wa tarehe tatu Februari ana siku ngapi leo. Nayo ilikuwa imemhesabia siku mpaka asubuhi ile, bila kusita, maelfu yake, kama mtu aliyekuwa hai muda wote huo.

Siku ya mwisho ya masomo wazazi walialikwa kuja kuona kazi zetu. Sikudhani mama angekuja, lakini alipanda ngazi na kikapu chake mkononi, akasimama mlangoni mpaka macho yakazoea giza. Wafula akamkaribisha kwa heshima.

"Karibu, Mama Kariuki. Watoto wako wamefanya vizuri."

"Ni ipi inayotoa siku?" mama aliuliza.

Alionyeshwa mashine yetu. Programu ilikuwa bado wazi. Kariuki alikuwa amemaliza kumwonyesha baba wa mtu tarehe zetu. Mama alimwinamia Wafula akamnong'oneza sikioni, mara ya kwanza, kisha mara ya pili. Wafula akaandika tarehe mbili. Sikuzisikia, na mgongo mpana wa mama ulizifunika. Nilichokiona, aliposimama wima, ni jibu tu. Lilikuwa 144.

Wafula alikunja uso. "Ngoja kidogo, mama. Nafikiri imebaki na jibu la watoto. Wacha niifute, niulize upya."

Mama aliushika mkono wake juu ya kibodi. Sikuwahi kumwona akimgusa mwanamume asiye wa nyumbani. "Usiifute, mwanangu," alisema. "Wacha hivyo."

Akasoma namba ile akisogeza midomo, kama watu wanavyosoma majina kwenye misalaba. "Nilidhani zilikuwa chache zaidi," akasema. Kisha akachukua kikapu chake, akanishika mkono, tukashuka ngazi kwenye jua na harufu ya viazi, akaninunulia vya kutosha watu watatu.

Elfu mbili ilifika na taa za Jericho hazikuzimika. Nimemaliza chuo kikuu, nimesomea kompyuta, na ninakaa mtaa wa Pipeline, ghorofa ya sita, nikituma maombi ya kazi. Siku hizi kutafuta tofauti ya tarehe mbili ni mstari mmoja. Mambo ambayo sisi tuliyatolea jasho asubuhi nzima, simu inayafanya ikiwa mfukoni. Kila fomu huanza kwa kuniuliza nilizaliwa lini, na kila mara vidole vyangu husimama kama vya mama. Kisha ninaandika tarehe tatu Februari, na mfumo unaikubali, unanipa umri. Asubuhi ya siku hiyo benki na kampuni ya simu humtumia Nyambura salamu za pongezi, nami huzisoma kwa niaba yake. Ningeweza kujua kama mashine ile ilisema kweli au ilirudia tu jibu la zamani. Ningehitaji kumuuliza mama tarehe moja, ile aliyokufa Nyambura wa kwanza. Nimeitunga sentensi hiyo mara nyingi, nimeibadilisha, nimeipunguza ukali, na sijawahi kuitamka, kwa sababu sijui ni jibu gani kati ya hayo mawili ningeweza kulala nalo.

Wala yeye hajanipigia simu hata mara moja tarehe tatu Februari. Lakini kila mwaka, mvua ya mwisho wa mwaka inapoanza, simu yangu hulia.

"Nyambura, mvua imefika huko kwenu?"

"Imefika, mama."

"Vizuri." Kisha hakati simu, anasikiliza tu. Nami husogeza simu karibu na mdomo, ninavuta pumzi taratibu ili aisikie, mpaka atosheke.