Nusu Sari ya Mama Devi

Bei Mbili alifahamiana na Mama Pini kwa kufukuzwa. Alibisha mlango wa nyuma wa hekalu, gunia begani, akauliza kama kuna sari kuukuu za kuuza. Mjane yule alikuwa akimvisha mungu wao wa kike, Mama Devi, nyuma ya pazia, pini zimejaa mdomoni kama kawaida yake. Akazitemea kiganjani kwanza.

"Nguo aliyovaa Mama haiuzwi, kaka. Hupewa mwanamke mwenye shida nayo. Wewe una shida ya sari?"

Bei Mbili hakukasirika. Kazi yake ilikuwa kununua sari za zamani, kukata pindo zilizofumwa kwa nyuzi za fedha halisi na kuzichoma mpaka kibaki kitonge cha madini. Kwake, kukataliwa kulikuwa mwanzo wa mazungumzo. Kesho yake akarudi bila gunia.

"Dada, binti yangu anaolewa, na mfukoni ni upepo mtupu."

Hakuwa na binti. Hakuwa hata na paka.

Mama Pini akalainika papo hapo. Akamketisha kwenye ngazi, akamweleza hekalu lilivyoanza. Mafundi cherehani walifika ugenini na mashine zao tu, wakapanga chumba kimoja, wakaweka pembeni jiwe lililopakwa rangi nyekundu. Huyo ndiye aliyekuwa Mama Devi. Mke wa fundi mmoja aliona haya Mama akae bila nguo. Akaichana sari yake ya harusi katikati, nusu akamvika. Kuta, mnara na sanamu ya marumaru vilikuja baadaye. Nusu ile ikabaki kiunoni mwa Mama, chini ya sari zote, haionekani. Hutoka tu kwenda kumfunika bibi harusi asiye na kitu, kisha hurudi.

"Hata mimi niliolewa nayo," alisema, akiwa ameingia kuitoa, akiikunjua.

Pindo lilikuwa zito, fedha tupu.

"Harusi ikiisha uirudishe."

"Haki ya nani, dada, nitairudisha."

Pindo liliingia motoni kabla jua halijazama. Kitambaa kilichobaki akakitundika msumarini, kikawa cha kushikia chungu cha moto.

Kila walipokutana sokoni Mama Pini aliuliza, "Bibi harusi hajambo?" Naye alijibu kwamba harusi imeahirishwa, akaharakisha mwendo. Mwisho mama wa watu akamfuata karakanani na bangili za kumtunza mwali. Akakiona kitambaa. Masizi yalikuwa yamekila, lakini upande mmoja ulikuwa bado na ule mchano wa mikono.

Akatazama jiko lenye makaa.

"Binti yako ndiye huyu?"

Akakitungua, akaondoka nacho.

Bei Mbili alingoja kutukanwa. Matusi angeyaweza; hata matusi yana bei. Hakuja mtu. Muuza maua wa getini ndiye aliyempasha: Mama Pini kanyang'anywa funguo za hekalu.

"Kawaambia kamati kosa ni lake, alitoa kwa mkono wake. Jina la mtu hakutaja hata moja. Unamjua wewe?"

"Mimi? Namjulia wapi?"

Asubuhi iliyofuata alikichukua kitonge cha fedha, akamkuta Mama Pini chumbani kwake akishona mikono ya mashati ya watu kwa ujira.

"Dada, chukua. Sitaki chochote."

"Hii ni bei ya kwanza au ya pili?"

"Ya mwisho."

Mama Pini akakata uzi kwa meno.

"Basi kampe binti yako."

Nusu sari imerudi kiunoni mwa Mama, imefuliwa, haina pindo. Anayemvisha sasa ni mwingine. Mama Pini hukaa mbele ya pazia na waumini wengine, akingoja lifunguliwe. Kitonge kimo ndani ya droo ya mizani ya Bei Mbili. Wanunuzi wamepandisha bei mara kadhaa, naye, aliyekuwa na bei mbili kwa kila kitu, hana hata moja ya kuwatajia.