Mkono Unaotetemekea Mlangoni

Jambo la mwisho la kawaida nyumbani kwangu lilikuwa mke wangu kuonja chai niliyopika na kulalamika kwamba haina tangawizi. Alfajiri iliyofuata hakuamka.

Wiki moja baada ya mazishi, akina mama wa kanisa walikuja kuniombea. Kiongozi wao, aliyejifunga kitambaa cheupe, alinionya kwa ukali.

"Baba, usidanganywe na watu wa ukoo. Sisi tuliookoka hatulishangi wafu. Aliyekufa hanywi chai!"

Wenzake waliitikia amina.

Wakati wa kuondoka alibeba kikombe chake hadi mlangoni, kama anayekwenda kukisuuza. Hapo akakiinamisha taratibu, chai kidogo ikaanguka chini, upande wa kaburi la mke wangu pale uani.

"Mama, umemwaga chai," nikasema.

"Imemwagika tu, Baba. Mkono huu unatetemekanga."

Sikumwamini. Ni yeye aliyetumiminia sote chai, na hakudondosha hata tone. Chuoni nilisoma kwamba karibu kila mahali duniani watu huwapa wafu wao kitu: huku maziwa, kule wali, kwingine pombe. Sikusoma popote kuhusu mkono unaongoja kufika mlangoni ndipo utetemeke.

Kesho yake asubuhi nilipika chai, nikatia tangawizi, ambayo mimi siipendi, nikasimama mlangoni. Jirani yangu alikuwa akipita. Alitazama kikombe, kisha akatazama ardhi iliyolowa.

"Mkono unatetemeka," nikamwambia kabla hajauliza.