Nyayo Tatu Upande wa Mugumu

Mimi ni mwalimu wa darasa la tatu, shule moja ya Nkende mjini Tarime, na nina mdomo. Wanaonijua wanalijua hilo. Mdomo huu umenisaidia kutuliza watoto sabini ndani ya chumba kimoja, lakini mwaka jana mwezi wa sita uliniponza, na mpaka leo nikiona kivuli changu chini najisikia vibaya.

Somo lilikuwa vivuli. Nilijiandaa hasa, maana mwalimu mkuu alikuja kukaa nyuma ya darasa kunikagua. Nikafunga madirisha, nikasimamisha chupa ya soda mezani, nikawasha tochi. Tochi ikishuka, kivuli cha chupa kinarefuka mpaka ukingo wa meza. Nikiipandisha, kinafupika. "Loo, kinanywea!" watoto wakapiga kelele. Nikawaeleza kwamba taa ikiwa chini, mwanga unakuja kwa ubavu, kwa hiyo giza la chupa linafika mbali. Ikiwa juu, chupa inaziba sehemu ndogo tu. Jua nalo ni hivyo hivyo, asubuhi na jioni liko chini, mchana liko juu. Mpaka hapo nilikuwa sawa, jamani. Ningeishia hapo.

Nikaongeza, kama kitabu kilivyosema: "Saa sita mchana jua liko utosini, kwa hiyo kivuli kinapotea kabisa."

Mkono mmoja ukanyooshwa karibu na mlango. Alikuwa binti mdogo anayelelewa na bibi yake, mtoto wa kuuliza maswali kila siku.

"Mwalimu, mwezi huu hakipotei. Kinabakiga nyayo tatu. Bibi anapimaga. Jua likienda upande wa Sirari, kivuli kinalala upande wa Mugumu. Likirudi katikati ndiyo kinapotea. Halafu Krismasi kinalala upande wa Sirari."

Kwetu Sirari iko kaskazini, mpakani, na Mugumu iko kusini. Mwalimu mkuu akainua uso kutoka kwenye karatasi zake. Nikaona naumbuliwa, tena na mtoto wa miaka tisa.

"Bibi yako ana digrii ya nini?" nikamuuliza.

Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu mkuu naye akacheka, basi mimi nikanogewa. "Kamwambie bibi kivuli hakijui Mugumu wala Sirari. Kaa chini." Akakaa. Ukutani, juu ya kichwa chake, kuna maandishi niliyoyachora kwa mkono wangu mwenyewe: KUULIZA SI UJINGA.

Kengele ya saa sita ikagongwa, nikatoka nje. Katikati ya uwanja kuna mlingoti wa bendera, na kivuli chake kilikuwa kimelala chini bila wasiwasi, kimeelekea Mugumu. Yule binti alikuwa kando yake, amevua viatu. Alikuwa ameweka kijiwe pale kivuli cha kichwa chake kilipoishia, anakifuata kisigino kwa kidole. Moja, mbili, tatu, na kidogo. Kisha akaniangalia. Alikuwa ananisubiri mimi niseme.

Nikamwambia, "Vaa viatu, nenda nyumbani."

Hilo ndilo linaloniuma. Darasani nilikosea kwa kutojua, na kutojua kuna msamaha. Pale mlingotini nilikuwa nimeshaona. Mwenye macho haambiwi tazama, na mimi nilitazama vizuri sana, nikajifanya hamnazo.

Wiki iliyofuata tukatoa jaribio la kufunga shule. Swali la nne liliuliza kivuli kinakuwaje saa sita mchana. Akajibu kwa mwandiko wake mzuri: "Kinapotea kabisa." Nikaweka vema. Kalamu ilikuwa mkononi mwangu, ningeweza kuandika neno hata moja pembeni, sikuandika.

Likizo nikaenda sokoni Nyamisangura kununua dagaa. Mama mmoja mzee anayeuza ndizi akaniita, "Mwalimu wa mjukuu wangu!" Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Asante kwa kumfundisha," akasema. "Siku hizi ananikosoa! Nikisimama kupima kivuli nijue saa ya kuhamisha mbuzi, ananiambia bibi acha, watu watatucheka. Basi nimeacha. Namuulizaga jirani mwenye simu."

Akacheka kwa furaha kabisa, mjukuu wake ana akili. Akanifungashia kichane cha ndizi, akakataa katakata nilipe. Mimi mwenye mdomo nikasema asante mama, nikaondoka. Zile ndizi ziliiva zikaoza jikoni, sikuweza kuzila.

Shule ilipofunguliwa mwezi wa saba nikaapa siku haitapita. Saa sita nikalitoa darasa zima uwanjani.

"Kabla ya likizo niliwafundisha uongo," nikasema. "Jua halipiti njia moja mwaka mzima. Sasa hivi limeegemea Sirari, ndiyo maana hata saa sita kivuli kipo, tazameni. Mwenzenu alisema kweli, na bibi yake alisema kweli. Mimi ndiye nilikosea, tena nikawacheka. Nisameheni."

Wakatawanyika kutafuta vijiwe, wakaanza kupimana kwa makelele. Yeye peke yake alibaki amesimama, viatu miguuni.

Nikamfuata, nikachuchumaa mbele yake. "Nionyeshe bibi anavyopima. Na leo ukifika nyumbani umwambie aendelee, mwalimu ndiye hakujua."

Akaniangalia kwa adabu zote.

"Sawa mwalimu," akasema. "Lakini kwenye mtihani tuandike ipi?"